Pengo la Mama Mkubwa

Namkunda alipoliona shamba la maharage la mama yake mkubwa limekauka, hasira ilimpanda kabla ya huruma. Alikuwa ametoka kuipita ndiva sasa hivi, lile bwawa la mawe na udongo ambalo wazee wa Upare walilichimba zamani ili wagawane maji kwa zamu, na ndiva ilikuwa imejaa mpaka inamwaga. Mashamba yote chini yake yalikuwa ya kijani. La mama yake mkubwa, aliyekuwa mgonjwa, ndilo pekee lililokuwa limepauka, majani yamejikunja, udongo umepasuka.

Na katika kijiji hiki cha Ikweni, tangu enzi na enzi, mgonjwa ndiye wa kwanza kupata maji. Desturi hiyo haikuhitaji mkutano wala mwenyekiti. Ukiugua, unaamka asubuhi unakuta shamba lako limelowa, na aliyefungua maji hatajwi. Ukimuuliza jirani atakwambia labda ni umande. Nchi nzima inawatania Wapare kwa ubahili, eti Mpare akikualika chakula nenda umeshiba, lakini wanaotania hivyo hawajawahi kuugua Ikweni. Watu wa pale walitenda wema wakaenda zao, na ukiwafuata kuwashukuru walikuona huna adabu.

Njiani alikuwa amekutana na Mama Tuvako, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke aliyemfundisha kusuka ukili. "Shikamoo, Mama Tuvako." Yule mama alijibu marahaba huku anaangalia bondeni, akapita. Hakumpokea mzigo. Hakuuliza habari za utokako. Namkunda alisimama akamtazama mpaka alipopotelea kwenye migomba, akajisemea kwamba kweli binadamu hana shukrani.

Ndani, mama yake mkubwa, Nakiete, alikuwa ameketi kitandani, mito mgongoni, barakoa ya pumzi usoni. Kando yake mashine ilikuwa ikikoroma taratibu. Mashine hiyo ndiyo iliyomweka hai tangu mapafu yake yaliposhindwa baada ya maisha mazima ya kupuliza moto wa kuni. Haikuwa yake. Ilikuwa mali ya Idara ya Pengo, na juu yake kulikuwa na nembo ya serikali iliyoanza kufutika.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba! Jamani, Namku wangu! Unakuja bila hata kunipigia simu, na nyumba yenyewe ndiyo hii."

Nyumba yenyewe ilikuwa haijafagiwa. Mezani palikuwa na kikombe cha uji ulioshika utando. Namkunda aliweka mkoba chini, akavua viatu, akauliza wenzake wa kikundi cha wanawake wako wapi.

"Wamenichoka," Nakiete alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ugonjwa mrefu unachosha, mwanangu, usiwalaumu. Mwanzoni walikuwa wakija hadi nakosa pa kuweka vyombo vyao. Halafu wakapungua. Siku hizi Mama Tuvako akipita hapo nje anageuza uso. Juzi kanitukana kisa kuku. Kuku, Namku! Mtu niliyemzalisha watoto wake wote kwa mikono hii."

Namkunda alifagia, akachota maji, akainjika makande. Makande yalipokuwa yakichemka alimsimulia mama mkubwa habari za chuoni Morogoro, alikofundisha uchumi wa jamii, na jinsi mkuu wa idara yake alivyosinzia kwenye kikao mpaka meno ya bandia yakaanguka kwenye chai, naye akayavua kwa kijiko mbele ya waziri bila kusema samahani. Nakiete alicheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, mpaka ikabidi Namkunda amrekebishie barakoa. Alipokuwa akiirekebisha aliona taa ya kidani shingoni mwake ikihama kutoka nyekundu kwenda njano.

Akafurahi. Alikijua kidani kile kuliko watu wengi. Kila raia alikivaa, kidude cha ukubwa wa punje ya kunde kikiwa kimelala juu ya mfupa wa kifua. Kilisoma mapigo ya moyo, sukari ya damu na joto la mwili, na kilitambua vidani vingine vilivyokaribia. Kutokana na hayo kilijua nani kala, nani kakaa na nani, na hata nani yuko mpweke, maana moyo wa mtu mpweke una mwendo wake, na mitambo ilifundishwa kuutambua. Mwisho wa hesabu yote ilibaki namba moja kwa kila mtu: pengo lake, yaani yale anayoyahitaji na hajayapata, taa nyekundu likiwa kubwa, njano likipungua. Mwenye pengo kubwa ndiye aliyetangulia kusaidiwa na serikali. Hakukuwa tena na kujuana, wala kumpa mjumbe soda. Ulikuwa mpango mzuri na Namkunda alijivunia kuwa na mkono ndani yake.

Mkono, tena, ndilo lililokuwa jina la kipimo alichokibuni yeye, tendo moja la huduma mkono mmoja. Ujana wake wote aliupoteza kwenye mabishano na wachumi wa kiume waliosema kwamba kumwogesha mgonjwa si kazi kwa kuwa hakuna anayelipwa. Yeye akasema ni kazi, ipimwe. Akarudi Ikweni, akawakalisha wanawake wa kikundi, akawaomba wamtajie yale ambayo desturi iliwakataza kuyataja: nani alimpelekea nani uji, nani alimfungulia nani maji. Walikataa, wakaona haya, wakafunika nyuso kwa khanga. Mwishowe walitaja, kwa sababu alikuwa binti yao na aliwaahidi kwamba kila mkono utakaotajwa utalipwa posho. Na kweli, kwa muda, ulilipwa.

Kwa hiyo taa ilipokuwa ya njano aliona ni habari njema. Alimlisha mama yake mkubwa makande kijiko kwa kijiko, na alikuwa bado anamlisha aliposikia mtu akimwita kutoka nje.

"Namkunda! Toka humo! Toka upesi!"

Mama Tuvako alikuwa amesimama upande wake wa masale, ile mimea ya mpakani, na hakuvuka. Macho yalikuwa mekundu.

"Umemlisha?"

"Nimemlisha, ndiyo. Au mlitaka afe njaa?"

"Kacheka?"

"Mama Tuvako, hilo ni swali gani?"

"Nakuuliza, Nakiete kacheka? Kidani chake kina rangi gani?"

"Njano."

Mama Tuvako alishika kichwa, akachuchumaa palepale kwenye vumbi. "Umemuua, mwanangu," alisema. "Tumekaa kiangazi chote tukimlinda, wewe umekuja kumuua na sufuria moja ya makande."

Ilibidi arudie mara kadhaa ndipo Namkunda aelewe. Posho ya mikono ilikatika mwanzo wa kiangazi. Hakuna aliyetangaziwa kitu. Walichoona ni kwamba mgonjwa aliyetembelewa sana alianza kunyang'anywa: wa kwanza dawa, wa pili kiti cha magurudumu, na Mzee Kiondo wa kule juu, mashine ya pumzi. Watu wa Idara walieleza kwa upole kwamba pengo lake limezibwa na majirani. Kila bakuli la uji lilikuwa limetolewa kwenye haki yake.

"Tukasema basi, tusiende kwake, labda watairudisha. Tukamweleza mzee, tukamwambia tunakupenda ila tunajificha. Unajua kilichotokea? Moyo wake ukatulia, kwa kuwa anajua anapendwa. Kidani kikaona. Wakaandika kwamba hilo ni pengo la kuigiza, na wenye kuigiza hawapewi tena. Tulimzika wiki iliyofuata." Mama Tuvako alijifuta pua kwa ncha ya khanga. "Kwa hiyo Nakiete hatukumwambia. Unadhani ule ugomvi wa kuku niliupenda? Nilifika nyumbani nikatapika."

"Haiwezekani," Namkunda alisema. "Mikono inajumlishwa, haitolewi. Mimi ndiye niliyeitunga."

"Basi nenda ukawaulize uliowatungia. Sisi tulikuwa tukitenda wema na kwenda zetu. Wewe ndiye uliyeturudisha tuje kutaja."

Namkunda aligeuka kutazama shamba lililokauka, akajua ni nani wote waliokuwa wakilipita kila asubuhi wakijizuia kulifungulia maji, na aibu aliyoisikia ilimfanya atamani ardhi ipasuke immeze.

*

Zuhra Mgonja, Kamishna wa Pengo, hakujificha. Namkunda, mwenzake wa chumba kimoja enzi za chuo, alipoingia ofisini kwake Dodoma na vumbi la safari, Zuhra alisimama, akamkumbatia, akaagiza chai ya tangawizi. Ndiye aliyepanda Ikweni pamoja na Namkunda wakati ule wa kuwatajisha wanawake wa kikundi. Alilala kitandani kwa Nakiete, Nakiete mwenyewe akalala mkekani na kusema hivyo ndivyo anavyopenda, mgongo unanyooka.

"Ni kweli?" Namkunda aliuliza kabla hajakaa.

"Ni kweli. Tangu kiangazi kianze."

"Na hukuniambia."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi," alisema Zuhra.

Neno hilo moja lilimwingia Namkunda kuliko matusi. Alikuwa amepanga safari nzima namna ya kupiga kelele, akajikuta anakaa kitini kama mgonjwa mwenyewe. Angevumilia kama angeambiwa kwamba ni wakubwa waliolazimisha, kwamba Zuhra alipinga akashindwa, au hata kwamba alisahau. Lakini huyu alikuwa amekaa, akawaza, akaona kwamba rafiki yake atakataa, na kwa sababu hiyohiyo akamzunguka.

"Tuliwaahidi, Zuhra. Wewe na mimi, kwenye mkeka mmoja."

"Tuliwaahidi wakati fedha inatosha. Wazee wameongezeka, mapafu mabovu yameongezeka, fungu ni lilelile." Zuhra aliongea taratibu, bila ubishi, kama alivyokuwa akimweleza mitihani zamani. "Miaka yote ulikuwa ukisema mkono wa mwanamke una thamani, uhesabiwe. Tumeuhesabu. Ukishakiri kwamba kitu kina thamani, huwezi kumkataza mwenye bajeti kusema kwamba aliyekipata amepata."

"Nilisema uhesabiwe ili ulipwe!"

"Hesabu haina ili. Sikiliza. Kule tambarare, karibu na mto, kuna mzee anaishi peke yake. Hana mke, hana mtoto, hana hata paka. Anahitaji mashine kama ile ile na hajapata. Mama Nakiete ana kijiji kizima. Mashine ni moja. Niambie, mwalimu, apewe nani?"

"Wote wawili."

"Wote wawili si jibu, Namku. Hiyo ni dua."

Namkunda aliisogeza chai mbali. Alijua swali lile si la kijinga. Alikuwa akiwauliza wanafunzi wake maswali ya namna hiyo kila muhula, na aliwafokea waliojibu kama alivyojibu yeye.

"Uji haupumui," alisema hatimaye. "Kijiji kizima kikipanga foleni mlangoni kwake hakiwezi kumtilia hewa kifuani. Wanampa kimoja, mnamnyang'anya kingine."

"Najua."

"Unajua?"

"Najua, na hesabu haijui. Unakumbuka nilikuuliza, je, mkono wa kufua na mkono wa kuogesha ni sawa? Ukasema tusiwagawe wanawake, mkono ni mkono, wote thamani moja. Ulipigiwa makofi sana siku ile." Zuhra alitazama mikono yake mwenyewe. "Kama mkono wowote unaweza kusimama badala ya mkono wowote, basi unaweza kusimama badala ya mashine. Sikuongeza kitu mimi. Nilibadilisha alama moja tu, ya kujumlisha ikawa ya kutoa."

Ukweli huo ulimchoma, na kilichomchoma zaidi ni kuusikia kutoka kinywani mwa mtu huyu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Huyu alikuwa amevaa mpaka nguo zake, enzi zile za chuo, na viatu pia.

"Maafisa wanapanda Ikweni Ijumaa," Zuhra alisema. "Lakini kuna njia. Ndugu wa karibu anaweza kutoa tamko la kujitoa. Anakwenda kwa afisa wa kata, anatamka kwamba amemwacha mgonjwa na hatarudi. Mikono yake inafutwa yote, ya nyuma na ya mbele, pengo linajaa, mashine inabaki. Ila kidani cha mgonjwa lazima kithibitishe. Lazima aamini kwamba umemwacha. Si aambiwe. Aamini."

"Na yule mzee wa tambarare?"

"Atasubiri."

"Utamnyima mtu asiye na mtu ili umpe mwenye kijiji?"

"Wewe ndiye utakayemnyima. Mimi nimekuonyesha mlango tu, kwa sababu nimelala kitanda cha yule mama."

"Ungekuwa unakikumbuka kile kitanda, Zuhra, tusingekuwa tunaongea haya."

Aliondoka bila kuaga. Ndani ya treni ya kurudi aliwaza juu ya mzee asiye na paka, akajaribu kumpa uso, akaona afadhali asimpe. Alikuwa amefundisha haki kwa miaka mingi, na alipofika stesheni ya Same alikuwa tayari ameamua kuiiba.

*

"Umenirudia!" Nakiete alisema. Alikuwa amejitahidi kufunga kilemba. Taa yake ilikuwa njano bado.

Namkunda hakuvua viatu. "Nimekuja kuchukua vitu vyangu."

"Vitu gani tena? Kaa kwanza, kuna makande yamebaki, nimeyaweka juu ya maji yasichache."

"Sitakaa. Na sitakuja tena, mama mkubwa. Nina kazi zangu, nina maisha yangu. Nimechoka kupanda huu mlima kila mara kwa ajili ya mtu mmoja."

Nakiete alimtazama, kisha akatabasamu ndani ya barakoa. "Umechoka na safari, mwanangu. Tangu ukiwa mdogo ukichoka unakuwa mkali. Kaa ule."

Njano. Taa haikutikisika hata kidogo. Namkunda aliona kwamba maneno yale hayatoshi, kwamba yule mama angeweza kuyameza mengine mia ya aina hiyo na kumsamehe kabla hajayamaliza. Alikuwa amemlea tangu mama yake mzazi alipofariki, alimbeba mgongoni kwenda kliniki ya Same kwa miguu, na mtu wa namna hiyo huwezi kumtisha kwa ukali. Lilihitajika neno lingine. Alilijua. Kila mtoto wa kulelewa analijua, na anakufa bila kulisema.

"Wewe hukunizaa," alisema.

Mashine iliendelea kukoroma.

"Umesemaje?"

"Nimesema hukunizaa. Mama yangu alikufa. Wewe ulinichukua kwa sababu hukujaliwa wako, ukapata wa kukuchotea maji na kukukatia kuni. Usinifanye niwe na deni maisha yangu yote kwa jambo ulilolifanya kwa faida yako."

Nakiete hakulia. Alishika ncha ya shuka na kuanza kuikunja, pindo juu ya pindo, kama mtu aliyepewa kazi hiyo. Taa shingoni ikapoteza njano yake, ikawa nyekundu. Namkunda aliiona ikibadilika na, Mungu amsamehe, jambo la kwanza alilolihisi lilikuwa nafuu. Imekubali, alijisemea. Amebaki na pumzi zake.

Alichukua khanga moja ya zamani ili isionekane ametoka mikono mitupu, akatoka. Alipita kwa afisa wa kata, Bwana Mchome, akatamka tamko lake mbele ya mtambo. Mchome alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya mlinzi wa kanisa. Alimuuliza kama ana hakika. Akasema anayo.

*

Ijumaa asubuhi Namkunda na Mama Tuvako walijibanza juu ya ndiva, nyuma ya migomba, mahali ambapo vidani vyao havikufika nyumbani kwa Nakiete. Mama Tuvako hakuwa amemsalimu vizuri tangu arudi, lakini alimletea kiazi cha kuchoma, akamkatia nusu. Chini waliwaona wapagazi wawili na Mchome wakiingia.

Walikaa ndani muda mrefu. "Wanathibitisha tu," Namkunda alisema. "Pengo limejaa. Nimeliona kwa macho yangu." Mama Tuvako aliendelea kutafuna kiazi.

Kisha wapagazi wakatoka, na katikati yao walikuwa wamebeba mashine.

Namkunda aliteremka mlima ule bila kuona anapokanyaga. Aliwakuta kwenye kona ya masale, akashika mguu wa mashine kwa mikono yote miwili. "Hamna ruhusa! Nimejitoa! Tamko langu liko kwenu! Pengo lake limejaa!"

"Limejaa, dada," Mchome alisema. Alikuwa ametoa kofia na kuishika kifuani. "Sijawahi kuona pengo kubwa namna ile. Mashine ilikuwa inabaki, nilikuja kumwambia hivyo tu. Mwenyewe kaikataa."

"Kaikataaje?"

"Aliniuliza kama yuko mwingine anayeihitaji. Sikutaka kumdanganya mtu mzima, nikamwambia yuko mzee tambarare. Akauliza kama huyo mzee bado anataka kuishi. Nikasema anapiga simu ofisini kila siku. Akavua barakoa, akanikabidhi. Kasema, 'Mpelekeeni huyo anayengoja kitu.' Nimemsihi mpaka nimeishiwa maneno. Kaweka dole gumba kwa hiari yake, na kwa hiari ya mgonjwa sheria haina la kufanya." Aliirudisha kofia kichwani. "Nimemwachia mtungi mdogo wa hewa. Utamfikisha kesho, kesho kutwa akiupumua kidogokidogo."

Mama Tuvako alikuwa amefika, anahema. Alivuka masale yale ambayo kiangazi kizima hakuyavuka, akaingia ndani kwa kishindo, na nyuma yake wakaanza kuja wengine: mwenye nyumba ya chini, dada wawili wa kikundi, fundi wa mabomba na mkewe. Habari Ikweni haihitaji simu. Mmoja alikuja na uji, mwingine na mto, mwingine mikono mitupu akilia tangu mlangoni. Hakukuwa tena na cha kulinda.

Namkunda aliingia wa mwisho. Chumba kilikuwa kimejaa watu wakisema kwa pamoja, kuku, makande, Mzee Kiondo, mikono, kila mmoja akimweleza Nakiete ukweli kuanzia mahali pake. Yeye alikuwa amelala ubavu, mrija wa mtungi puani, akiwasikiliza kwa adabu. Namkunda alipiga magoti kando ya kitanda, akaushika mkono wake. Ulikuwa wa baridi na haukujibu.

"Mama mkubwa, nilikudanganya."

Nakiete aligeuza uso, akamtazama kwa makini, bila hasira yoyote, kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi.

"Lini?" aliuliza. "Siku ile, au leo?"

"Siku ile! Walikuwa wanataka kuchukua mashine, ikabidi uamini. Nilisema ili ubaki hai. Nakuapia kwa kaburi la mama."

"Siku ile pia ulimtaja mama yako," Nakiete alisema polepole, akivuta pumzi baada ya kila maneno machache. "Na ulisema vizuri, Namkunda. Ulisema kama mtu aliyeliweka moyoni miaka mingi. Mimi ni mtu mzima, najua neno la kutungwa na neno lililokuwepo." Akafumba macho. "Labda unasema kweli leo. Sina pumzi ya kulichunguza."

"Mama..."

Yule mama aliutoa mkono wake taratibu, bila kuunyakua, akaurudisha chini ya shuka. Alifumbua macho akamtafuta jirani yake kati ya nyuso zile.

"Mama Tuvako," alisema, "mgeni yuko chini. Mpe kiti."

Mama Tuvako alisita, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kisha akaenda akaleta kiti kile cha sebuleni wanachokalishwa wageni, akakipangusa vumbi kwa khanga, akakiweka karibu na mlango. Namkunda akainuka, akakaa.